Mtoto wa malezi ya kambo: nitajuaje kama anajiona wa nyumbani?

Ustawi_Dom: Wadau, naomba mawazo. Ni afisa ustawi wa jamii hapa Dodoma, nafuatilia watoto waliopelekwa familia za kambo (yaani kulelewa na walezi wasio wazazi wao, si baba au mama wa kambo) chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Fomu yangu ina sentensi kama "Hapa najiona wa nyumbani", mtoto anachagua 1 hadi 5. Wote wananipa 5! Juzi binti wa miaka 14 kazungushia 5 tupu, mlezi yuko pembeni anachambua mlenda. Natoka, naona begi lake nyuma ya mlango, zipu imefungwa, nguo zote zimo. Ana miezi minane pale.

MamaWawili: Pole mwanangu. Mimi nimelea wawili. Wa kwanza aliomba ruhusa hata ya kuchota maji mtungini. Siku aliyogoma kuosha vyombo akanuna, nikamwambia mzee, "Huyu sasa kafika." Fomu yako ina sehemu ya kununa?

Mgogo_wa_Kongwa: Nimekulia kambo. Hiyo 5 ni kinga: ukisema 2 unaogopa utahamishwa. Ongea naye mkiwa wawili, mkitembea kwenda dukani. Usimuulize kama anapendwa. Uliza wageni wakija anatambulishwaje. Mimi nilikuwa "mtoto tunayemsaidia", miaka yote.

Ustawi_Dom: La wageni naliingiza, asante sana. Begi nimeliandika kwenye maoni, ila bosi anataka namba.

MamaWawili: Bosi mwachie namba zake. Mwambie mlezi apigilie misumari ukutani, binti atundike nguo. Halafu rudi uangalie kama katundika.