Gari dogo la mjini lisilobugia mafuta: cc ngapi, gia gani, na nikague nini?

Tairi_Nne

Wakuu, salaam. Natafuta gari dogo lililotumika, la kuzunguka mjini: foleni, safari fupi za kilomita tano hadi kumi, kwa kawaida watu wawili, mara mojamoja wanne na mizigo kwenye barabara kuu. Mbio sizihitaji. Nataka gari lisilokula sana na lisilonihamishia gereji.

Kwenye orodha nina Toyota Passo ya cc 1000, Vitz, Honda Fit ya 1300, Mazda Demio na Nissan March. Je, kweli 1000 inakula kidogo kuliko 1300? CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) niikimbie au niichukue? Na nikienda kuliangalia gari nianzie wapi? Mwenye la kusema kuhusu haibridi ya zamani (ya petroli na umeme pamoja) naye aseme.

SpanaKumi

Mkuu, hilo la cc ndilo linalopotosha wengi. Passo ina injini ya 1KR-FE, cc 996, silinda tatu. Ikiwa na mtu mmoja au wawili kwenye tambarare, inaishinda 1300 bila ubishi. Wajaze watu wanne, washa AC, panda mlima: mguu unafika sakafuni, mizunguko ya injini inapita 4000 kwa dakika, na kompyuta ya injini inaongeza mafuta kwenye mchanganyiko. Hapo 1300 inayopanda kwa mizunguko 2500 hula sawasawa nayo, au hata chini yake. Kama hao wanne ni wa mara mojamoja kweli, 1000 inakutosha. Kama ni kila wiki, chukua 1300.

Halafu kuna safari zako fupi. Injini ya baridi hupewa mafuta mengi hadi ipate joto, na kwa kilomita tano za foleni inapata joto ukiwa unaegesha. Kwa hiyo zile namba za kilomita 20 na zaidi kwa lita zisahau. Kipimo cha zamani cha Kijapani cha 10-15 kilifanywa maabara, injini imeshapata joto, na hakuna foleni ya kweli maabara.

Sasa gia boksi, maana humo ndimo pesa zinamopotelea. Injini za magari uliyoyataja karibu zote ni za cheni na zinavumilia. Gia boksi haisamehe. Passo ya kwanza (2004 hadi 2010) ina otomatiki ya kawaida ya gia nne. Iliyofuata ina CVT. Demio ya 2007 kwenda mbele ipo ya gia nne na ipo ya CVT, kwa hiyo usiulize muuzaji, angalia mwenyewe. March ya toleo la K12 yenye injini ya lita 1.2 ni gia nne, toleo lililofuata, K13, ni CVT. Gia nne inakula zaidi kidogo, hasa barabara kuu kwa sababu mizunguko inabaki juu, lakini fundi yeyote wa kawaida anaijua na ukiibadilishia oili kwa wakati inazeeka na gari.

Fit ya kwanza (GD) iangalie kwa jicho la pekee. CVT yake haina tokyu konveta (kiunganishi cha oili kati ya injini na gia boksi), ina klachi ya kuanzia safari, na hiyo ikichoka au oili ikichakaa gari linatetemeka likianza kuondoka. Fit ya pili (GE, kuanzia 2007) waliweka tokyu konveta na tatizo hilo likaisha. Tena GD ya 1300 yenye injini iitwayo i-DSI ina plagi nane, mbili kila silinda. Nne za nyuma, karibu na ukuta wa kabini, ni shida kuzifikia, na fundi mvivu hubadilisha za mbele tu. Ukiuliza "plagi zimebadilishwa?" uliza pia ngapi.

MzeeWaPlagi

Naongezea upande wa ukaguzi. Sharti la kwanza: gari ulikute la baridi. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ukifika gusa injini kwa juu. Ukikuta ina joto, jua kuna mlio au moshi wa asubuhi usiotakiwa kuusikia wala kuuona. Ahirisha, rudi siku nyingine.

Kabla ya kuwasha, vuta kijiti cha oili. Oili iliyo chini ya alama kwenye gari linalouzwa inasema mambo mawili: injini inakula oili, na mwenyewe haangalii. Fungua kifuniko cha oili, tazama kwa tochi. Tope jeusi lililoganda ni oili iliyokaa muda mrefu mno. Utando mweupe kama maziwa yaliyoganda huweza kuwa unyevu wa safari fupi tu, lakini ukiuona, fungua na tangi la maji ya rejeta: maji yakiwa na mafuta juu, au kiwango kimeshuka bila dalili ya kuvuja, gasketi ya silinda hedi ni mtuhumiwa.

Washa, boneti ikiwa wazi. Mkwaruzo wa sekunde moja au mbili kabla oili haijafika juu si kifo. Ukiendelea, cheni imerefuka au kikazio chake kimechoka. Moshi wa bluu ukiwasha baada ya gari kulala ni sili za valvu. Wa bluu ukikanyaga mafuta ni ringi za pistoni. Mweusi ni mafuta mengi kupita kiasi. Mweupe mzito usioisha hata injini ikipata joto ni maji yanayoungua.

Sasa hili wengi hawalijui: magari mengi madogo ya aina hii hayana geji ya joto. Yana taa ya bluu ya ubaridi na taa nyekundu. Nyekundu ikiwaka, huenda silinda hedi imeshaanza kuumia. Ndiyo maana nenda na kisomeo kidogo cha OBD, kile kinachosoma kompyuta ya gari na kuunganishwa na simu. Tazama vitu vinne:

Joto la maji. Likishapanda litulie, mara nyingi kati ya nyuzi 80 na 95. Likizembea chini ya 75 ukiwa mwendoni, thamostati imekwama wazi, na hapo injini inaendelea kupewa mafuta ya ubaridi siku nzima. Ulaji unapanda na mara nyingi hakuna taa inayowaka.

Marekebisho ya muda mrefu ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza. Yakizidi asilimia 10 juu au chini, kuna hewa inayoingia pasipotakiwa, nozeli chafu au sensa inayodanganya.

Volti. Injini imezimwa 12.4 hadi 12.7, ikinguruma kwa kawaida 13.8 hadi 14.4.

Na majaribio ya ndani ya kompyuta. Ukikuta mengi yameandikwa hayajakamilika, mtu amefuta makosa hivi karibuni, au betri imetolewa. Taa ya injini imezimwa kwa ajili yako.

Kisha barabarani. Zima redio, zima AC kwanza. Kanyaga breki, toa P weka D, halafu R: gia ishike ndani ya sekunde moja hivi bila kishindo. Ondoka polepole, na kati ya kilomita 10 na 30 kwa saa sikiliza mtetemo. Hapo ndipo CVT mbovu inapojisema. Mlio wa kupiga mluzi unaopanda na mwendo, au mizunguko kupanda huku gari halisogei, achana nalo. Tafuta eneo la wazi, kata usukani hadi mwisho, zunguka taratibu pande zote mbili: ta-ta-ta ni jointi ya ekseli. Kisha washa AC gari likiwa limesimama. Mizunguko ishuke kidogo na irudi, isizime.

Tairi zina namba nne za mwisho kwenye mlolongo wa DOT ulioandikwa ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la "kilomita 40,000" lenye raba ya kanyagio la breki iliyolika na usukani unaong'aa, ninyi wenyewe hesabuni. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho. Ukiona mstari wa tope au ukungu, gari limekunywa mafuriko. Bolti za fenda na boneti zenye rangi iliyochubuka zimeshafunguliwa, uliza kwa nini. Na namba ya chesisi isome kwenye bodi yenyewe, uilinganishe na karatasi tarakimu kwa tarakimu.

Bi_Usukani

SpanaKumi nakubali kwa mengi, ila CVT mnaionea. Kwenye foleni ndiyo yenye nafuu ya mafuta, na nyingi zinazokufa zimeuawa na oili. CVT hufanya kazi kwa mkanda wa chuma kubana kati ya puli, na oili yake imeundwa ili chuma kishikane na chuma bila kuteleza. Ukiweka ATF (oili ya otomatiki) ya kawaida, mkanda unateleza, unakwangua puli, na huo mkwaruzo haurudi nyuma. Kila kampuni ina oili yake: Nissan NS-2 au NS-3 kutegemea gia boksi, Toyota CVT Fluid TC au FE, Honda nao yao. Soma kitabu cha gari. "Oili ya CVT" isiyosema inakubalika kwa namba ipi, iache dukani.

Kuhusu haibridi: Toyota Aqua ndiyo ya kuanzia. Injini ya 1500, betri kubwa ya nikeli yenye moduli 20, jumla volti 144. Kwa foleni hakuna kati ya hizo tano itakayoikaribia, kwa sababu kwa kawaida injini inazimwa gari likisimama na sehemu ya nguvu ya breki inarudi kwenye betri. Lakini kwa safari zako za kilomita tano faida inapungua, maana injini hulazimika kuwaka ili ijipashe joto.

Kinachoiua ni joto. Betri ipo chini ya kiti cha nyuma na inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari. Tundu hilo likizibwa na vumbi, nywele za mbwa au mfuko, moduli zinapata joto na moja ikifa inazivuta nyingine. Siku ya ukaguzi angalia tundu, kisha soma volti za betri kwa programu inayoelewa haibridi ya Toyota: gari likiwa linavuta kwa nguvu, zishuke pamoja. Jozi moja ya moduli inayozama peke yake ni betri inayoelekea kuaga. Bila kipimo hicho usinunue.

Fit haibridi ya 2013 na kuendelea ni kitu kingine kabisa: gia saba za klachi mbili, na iliitwa kiwandani kurekebishwa mara kadhaa. Nzuri ikiwa imefanyiwa yote. Hakikisha kwanza.

Kilomita

Mkishanunua, pimeni ulaji kwa namba, si kwa mshale wa geji. Jaza tangi hadi bomba likate lenyewe mara ya kwanza, usiongeze. Weka sifuri kwenye kihesabu cha safari. Tembea hadi robo tangi, rudi kituo kilekile ikiwezekana, jaza hadi likate tena. Ikiwa umetembea kilomita 400 na zimeingia lita 28, ni kilomita 14.3 kwa lita, yaani lita 7 kwa kilomita 100. Fanya matangi matatu ndipo uamini. Tangi moja hubeba makosa ya jinsi gari lilivyosimama kituoni. Ile namba ya dashibodi mara nyingi inajisifu.

Tairi_Nne

Asanteni sana. Nimeelekea kwa Passo, au Vitz ya 1300 yenye CVT. Mawili yamebaki: muuzaji mmoja anasema oili ya CVT ni ya maisha ya gari, haibadilishwi. Na Passo ikiwa kwenye D nimesimama inatetemeka hadi usukani. Ni kawaida?

SpanaKumi

Mtetemo kidogo kwenye D ni asili ya silinda tatu. Weka N: ukipungua sana, maunti za injini zimechoka, na hiyo ni kazi ndogo, itumie kupunguza bei. Ukibaki vilevile hata kwenye N, angalia plagi, koili na uchafu wa throto. Throto ikisafishwa, mizunguko ya kusimama huenda ikaruka siku mbili tatu hadi kompyuta ijifunze upya.

"Maisha ya gari" kwa muuzaji huishia siku utakapolinunua. Badilisha kila kilomita 40,000 hadi 60,000, karibu na 40,000 kwa gari la foleni. Usikubali oili ya zamani isukumwe kwa mashine kwenye gia boksi ambayo historia yake huijui. Mwaga na ujaze, ambayo hutoa sehemu tu ya oili, kama lita tatu hivi. Pima iliyotoka kwenye chombo, rudisha kiasi kilekile, tembea kilomita mia chache, rudia mara moja. Kiwango cha mwisho kinapimwa oili ikiwa kwenye joto lililoandikwa kwenye kitabu. Vipande vidogo kama unga kwenye sumaku ya sampo (bakuli la oili chini ya gia boksi) ni vya kawaida. Vinavyoonekana kama makombo ya chuma, piga simu kwa muuzaji kabla hujalipa salio.

Oili ya injini ya 1KR ni kama lita tatu na filta, 0W-20 au 5W-30. Presha ya tairi imeandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Mara nyingi ni kati ya psi 32 na 35, na utashangaa ni magari mangapi yanauzwa yakiwa na 24.