Kreni bila enkoda: OSHA wazikatae?

NondoSita: Wakuu, kiwandani tuna kreni ya juu ya tani 10, tunaifunga mota na draivu mpya (ile ya kuongoza spidi ya mota). Bosi kakata enkoda, kile kipima spidi cha mota, kwenye oda, eti draivu inajimudu bila hiyo. Mimi naona winchi ya hivyo isipite ukaguzi wa OSHA, wale wa usalama kazini. Mnasemaje?

Mwana_Kontakta: Kukataa tena! Kreni za mota za slipringi na rezista zimebeba mizigo bandarini tangu enzi za babu. Enkoda ilikuwa wapi?

DadaVolti: Kaka, zile zilitegemea breki. Shida iko karibu na spidi sifuri. Bila enkoda draivu inakisia spidi kwa kupima mkondo na volteji, na hapo ndipo makisio yanapoyumba. Breki ikiachia kabla mota haijashika, mzigo unashuka. Ukiwa na enkoda, hata ya pulsi 1024 kwa mzunguko, mota inaushikilia hewani breki ikiwa wazi. Tatizo mafundi wa YouTube hawajui hili.

Pulsi0: ABB, watengeneza draivu, wana DTC yao (mbinu ya kuongoza mota) tangu miaka ya 90, wanasema kazi nyingi hazihitaji enkoda.

DadaVolti: Kazi nyingi. Pampu na feni.

FundiTandika: Rudi hapo juu. Fundi wa YouTube ni nani? Nimefunga draivu wewe hujui tofauti ya kuunga mota nyota na delta.

DadaVolti: Nyota-delta kwenye winchi? Haya, endelea.

FundiTandika: Nimesema kujua, sijasema kufunga! Nyie wa digrii mnakuja na laptop, mnaweka parameta (mipangilio ya draivu), mnapanda gari. Kapling inayoshika enkoda kwenye mota ikilegea saa nane usiku, draivu ikagoma, anapigiwa nani?

Mwana_Kontakta: Hapo umewapata.

Pulsi0: Ikigoma breki inafunga, mzigo hauanguki. Si ndiyo usalama wenyewe?

FundiTandika: Panda wewe ukaushushe.

NondoSita: Samahani wakuu, na rezista ya breki? Bosi kaikata pia.

DadaVolti: KAIKATA? Mzigo ukishuka mota inakuwa jenereta, umeme unarudi kwenye draivu, bila rezista ya kuuchoma volteji ya DC inapanda hadi draivu inajizima yenyewe. Muda wote huu tunabishana enkoda!

FundiTandika: Ungemuuliza mapema, ila ulikuwa bize na YouTube yangu.

DadaVolti: Kwa hiyo unakubali ni yako.

Mwana_Kontakta: Kontakta, swichi ya sumaku, haina parameta. Naishia hapo.