Machipuko Minneapolis: miche ya sukuma wiki, kitabu, na Jumamosi ya kushinda nyumbani

Barazani_Kaskazini:
Habarini wadau. Niko Minneapolis, tunaingia wiki ya mwisho ya Aprili. Nina miche 12 ya sukuma wiki yenye umri wa wiki tano, kila mmoja una majani manne, ila mashina yamerefuka na kulegea. Ilipokaa juani kwa muda wa saa nne, majani kadhaa yaligeuka meupe kama karatasi. Jumamosi siendi popote, nataka kushinda nje na kitabu huku nikiihudumia. Niipande siku hiyohiyo? Na mchicha je, nisie sasa?

Jembe_na_Kurasa:
Usiipande bado, mkuu. Weupe huo si ugonjwa, majani yameungua. Jani lililokulia nyuma ya kioo cha dirisha lina ngozi laini, halijazoea jua kamili wala upepo. Lililokwisha kuungua halirudi, lakini kama kichipukizi cha katikati ni kijani, mche utapona.

Miche huzoeshwa kwa siku 7 hadi 10. Siku ya kwanza itoe kwa saa moja tu, au mbili kukiwa na mawingu, kwenye kivuli kisicho na upepo. Huko kwenu upande wa kaskazini wa nyumba unafaa. Kila siku ongeza saa moja. Kuanzia siku ya tatu iache ipate jua la asubuhi, kabla ya saa nne, na jua la mchana lije mwishoni kabisa.

Hapo ndipo kitabu kinapofaa. Weka kiti hatua mbili kutoka kwenye trei, ulipe jua mgongo ili kurasa zisikuumize macho, na utege kengele ya simu, maana sura nzuri humeza saa nzima bila wewe kujua. Ukiinua macho kila baada ya kurasa chache utaona jani likianza kuinama. Upepo nao hukausha trei ndogo haraka, kwa hiyo usisubiri mpaka udongo upauke.

Mama_Bustani:
Naongezea kuhusu mashina. Urefu ule unatokana na mwanga hafifu na joto la ndani. Dawa yake ni kuzamisha: ukipanda, fukia shina hadi chini kidogo ya yale majani mawili ya kwanza ya mbegu, kisha shindilia udongo kwa vidole. Kutoka mche hadi mche acha sentimita 45. Ukibananisha utapata majani madogo na magumu.

Ila kagua kwanza pale shina linapoingia udongoni. Likiwa limenyong'onyea, jembamba kama uzi na la kahawia, huo ni ukungu wa maji mengi. Mche huo utoe, usiuzamishe.

Jambo moja wengi hawalijui: miche mikubwa, yenye shina nene kama penseli, ikikaa wiki kadhaa kwenye baridi chini ya nyuzi 10 za Selsiasi hudhani imemaliza mwaka na kutoa maua mapema. Miche midogo kama yako haina hatari hiyo sana. Sukuma iliyokwisha kuzoea huhimili jalidi nyepesi (umande ulioganda), kwa hiyo wiki ya kwanza ya Mei inafaa.

Jembe_na_Kurasa:
Mchicha ni habari nyingine, haupendi baridi kabisa. Ukisia sasa mbegu zitaoza au zitalala tu. Chomeka kipimajoto cha jikoni sentimita 5 udongoni asubuhi. Kikisoma nyuzi 18 au zaidi siku kadhaa mfululizo, sia. Huko kwa kawaida ni mwishoni mwa Mei. Funika kwa udongo wa nusu sentimita tu, tena sia kwa mistari, usimwage ovyo: magugu ya huko yana jamaa za mchicha zinazofanana nao mno wakati wa kuchipua, na mstari ndio utakaokuonyesha upi ni wako. Punguza hadi sentimita 10, unayong'oa ipeleke chunguni.

Barazani_Kaskazini:
Asanteni sana. Jumamosi itakuwa siku ya kwanza basi, saa moja kivulini. Neti ya wadudu niweke lini?

Mama_Bustani:
Siku ileile ya kupanda, na kingo uzifukie. Kipepeo mweupe hutaga yai mojamoja, la manjano, mara nyingi chini ya jani, na kiwavi wake ni wa kijani kama sukuma yenyewe. Ukichelewa kuweka neti, geuza kila jani kwanza uyafute mayai kwa kidole, la sivyo utakuwa umewafungia ndani.