Mizani ya ghala la kahawa: C, Rust au Python?

Mleta hoja, Vwawa: Wadau, tuliweke mezani. Tuseme chama cha msingi cha kahawa huku Mbozi kinataka mizani ya kidijitali iliyotengenezwa na vijana wetu. Kuna bodi ndogo inayosoma sensa ya uzito, kuna simu ya karani, na kuna seva yenye daftari la wakulima. Vijana wengi wanatoka chuo na lugha ya programu ya Python mkononi na wanataka kuandika vyote vitatu kwa hiyo hiyo. Nasema hapana: bodi iandikwe kwa lugha ya C, huko juu waendelee na Python yao. Anayepinga aje na hoja, siyo ushabiki wa Simba na Yanga.

Fundi, Mwanjelwa: Nakuunga mkono, na sababu yangu ni HX711, chipu inayogeuza ishara ya sensa kuwa namba, ambayo ndiyo imejaa kwenye mizani za kujitengenezea. Inatoa uzito kwa biti 24. Bodi inapandisha na kushusha waya wa saa mara 24 kuzivuta, kisha mara ya 25 kuipangia chipu usomaji unaofuata. Waya huo ukikaa juu zaidi ya mikrosekunde 60, chipu inalala. Ukishuka inaanza upya, na kwa kasi ya usomaji 10 kwa sekunde inataka milisekunde 400 namba itulie. Sasa MicroPython, yaani Python ya bodi ndogo, hufagia yenyewe memori isiyotumika tena, na ikifagia, programu nzima inasubiri. Fagio likipita wakati waya uko juu, karani anaona namba ya ajabu na gunia halijasogea hata kidogo.

Dada wa Uyole: Fundi, hilo lina dawa. Zima fagio kwa `gc.disable()`, uite mwenyewe `gc.collect()` gunia likishushwa, na kwa kila mpigo wa waya fungia nje kazi zinazoweza kudakia katikati: `disable_irq`, juu, chini, `enable_irq`. Hakuna kitakachoingilia kati waya ukiwa juu. Hoja ya muda haiiondoi Python kwenye bodi ya ESP32 yenye kilobaiti 520 za RAM. Kwenye chipu ndogo ya ATmega328P yenye kilobaiti 2 tu, hapo sawa, MicroPython haiingii kabisa.

Fundi, Mwanjelwa: Kwa ESP32 nimekubali. Ila Python haikuambii jina ulilokosea mpaka mstari wenyewe ufikiwe. Andika `uzto` badala ya `uzito` kwenye kipande cha "waya wa sensa umekatika", na kosa litalala humo hadi siku waya utakapokatika kweli, msimu umepamba moto na foleni imefika barabarani. Kompaila ya C, ile inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ingelikataa ukiwa bado mezani.

Mdau, Kihesa: Kamwene. Mnaisifu C kana kwamba ni mzima wa afya. Tazameni mstari huu mmoja, ambapo `kilo` ni `int`, namba kamili ambayo ukubwa wake unategemea chipu, na `int32_t` ni ya biti 32 daima:

`int32_t gramu = kilo * 1000;`

Kwenye ESP32 `int` ina biti 32. Gunia la kilo 60 linatoa 60,000 na kila mtu anapiga makofi. Mkibana gharama mkahamia ATmega, `int` inakuwa ya biti 16 na kikomo chake ni 32,767. Kuzidisha kunafanyika kwanza humo humo kwenye biti 16, ndipo jibu lililokwisha kuharibika linapowekwa kwenye `int32_t`. Mkulima kaleta gunia zima, skrini inamwambia −5,536, na kompaila kimya. Dawa ni `(int32_t)kilo * 1000`, ila uikumbuke kila mahali. Lugha ya Rust ingegoma kujenga programu, kwa sababu haichanganyi aina mbili za namba bila wewe kuandika kwamba ndivyo unavyotaka. Na hapo sijagusa memori: mwaka 2019 Microsoft ilieleza kwamba takriban 70% ya mianya ya usalama inayosajili kila mwaka ni makosa ya memori. Linux yenyewe ilianza kuipokea Rust katika toleo la 6.1, Desemba 2022. Kijana wa leo abebeshwe C, mzigo wa miaka ya 1970, kwa nini?

Makambako: Kaka, malizia na masharti yake. Kwenye Rust ukitangaza `gramu` yenyewe kuwa `i16`, yaani namba ya biti 16, toleo la majaribio litasimama na kulalamika, lakini toleo la mwisho linapita kikomo kimya kimya na −5,536 yako inarudi, mpaka uandike `overflow-checks = true` ndani ya Cargo.toml, faili la mipangilio ya mradi. ESP32 ya kawaida ina prosesa ya aina ya Xtensa, kwa hiyo unahitaji kompaila ya pembeni kutoka Espressif, watengenezaji wake. Folda ya `target`, yanakowekwa mazao ya kujenga, nayo inavimba hadi gigabaiti. Mwenye laptop ya RAM GB 4 na bando la wiki atakuchukia.

Tukuyu: Mnagombania bodi, wakati ugomvi wa ghalani utakuwa wa shilingi. Chukueni kilo 58.35 kwa bei ya mfano ya 4,150. Jibu ni 242,152.5. `round` ya Python inapeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu: 242,152. `round` ya PHP, lugha nyingine ya seva, inapandisha: 242,153. `roundToInt` ya Kotlin, lugha ya programu za simu, nayo inapandisha. Kwa hiyo risiti ya karani na daftari la seva ya Python vitapishana shilingi moja, na kwenye mkutano wa wanachama shilingi hiyo itaitwa wizi. Hesabu ya pesa ifanyike mahali pamoja tu, kwa gramu na bei za namba kamili, na kanuni ya nusu shilingi wanachama waikubali kabla ya msimu. Ukishafanya hivyo, seva iwe PHP au Python, mimi sijali.

Mleta hoja, Vwawa: Basi bodi itume gramu tu, shilingi isizijue kabisa. Kihesa, nionyeshe Rust ikijengwa kwenye laptop ya GB 4 bila intaneti, tutazungumza.

Mdau, Kihesa: Nunua ESP32-C3, prosesa yake ni ya aina ya RISC-V, kompaila ya kawaida ya Rust inaitosha. Mkiwa bado kwenye Wi-Fi ya chuo, endesheni `cargo vendor` ivute maktaba zote kwenye folda ya mradi, mweke na ule mpangilio inaouchapa mwishoni ndani ya `.cargo/config.toml`, kisha mjenge kwa `--offline`. Mara ya kwanza ni polepole, nendeni mkanywe chai.

Mleta hoja, Vwawa: Bodi ya pili itajaribiwa hivyo. Ya kwanza inabaki C, na `int` tupu imepigwa marufuku.