Kupunga pepo, kutoa mapepo, kukemea: kwenu mnaitaje, na mliona nini? Tupeane uzoefu

Mwalimu, Nyalenda (Kisumu)
Wapendwa, wiki jana kijana wa kidato cha pili aliniletea gazeti la Kiingereza, akauliza maana ya "exorcism". Nikamjibu upesi: kutoa mapepo. Usiku jibu langu likanisumbua. Neno hilo asili yake ni Kigiriki, na shina lake, horkos, ni kiapo. Kumbe maana ya awali ni kumwapisha pepo kwa jina la aliye mkuu kumshinda, mpaka atii. Biblia yetu imelishika vizuri. Fungueni Matendo 19:13: wale "wapunga pepo" wanasema, "Nawaapisha kwa Yesu". Hata kwenye Marko 5:7 pepo mwenyewe anajaribu kuapisha: "Nakuapisha kwa Mungu usinitese." Kiapo ni maneno matupu, hakina fimbo.

Nalisema hili kwa uchungu. Nikiwa darasa la saba, dada yangu alipelekwa kwenye maombi ya usiku kucha. Walimfunga miguu kwa leso, wakamchapa mshipi, wakisema anayeumia ni pepo, si yeye. Alfajiri mimi ndiye niliyemwosha mgongo. Blauzi ilikuwa imegandia kwenye ngozi, nikawa nailowesha kwa maji vuguvugu, nabandua kidogo, natulia, nabandua tena. Hakulia.

Basi nielezeni: kwenu mnaitaje, na mliona nini kwa macho yenu?

Baba Twahir, Bondeni (Nakuru)
Pole sana mwalimu. Sisi tunaita kisomo, au ruqya. Nilisomewa mwaka ule niliokuwa sipati usingizi. Ustadhi alikaa kando yangu, akasoma Fatiha, Ayatul Kursiy, Falaq na Nas, akapulizia maji, nikanywa. Sauti yake ilikuwa ya chini hivi kwamba watoto chumba cha pili hawakuamka. Tena aliniuliza kwanza kama nimeenda hospitali.

Katekista mstaafu, Kisii
Kwa Wakatoliki, kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa inakataza mtu yeyote kumpunga pepo mwenye kupagawa bila ruhusa maalumu ya askofu, na ruhusa hiyo hupewa padri tu. Kabla ya hapo ni lazima ithibitike kwamba si ugonjwa. Watu wanashangaa nikiwaambia kwamba hata ubatizo wa mtoto mchanga una sala yake fupi ya kupunga pepo, kabla tu ya kupakwa mafuta ya wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa. Dakika moja, mtoto yuko mikononi mwa mamake.

Kijana wa Dunga
Huku ziwani tunafukuza kwa pamoja. Nyawawa, yaani mizimu ya ziwani, wakisikika wakivuma usiku, kila nyumba inagonga sufuria na mabati mpaka wapite. Nyanya, Mungu amrehemu, alikuwa na sufuria moja nyeusi chini ya kitanda, haikupikiwa chochote. Hiyo ilikuwa ya nyawawa tu.

Mama Mercy, Kakamega
Mimi nina swali kwenu mnaofukuza. Kwetu si kila roho ni ya kufukuzwa. Mwanangu wa tatu alilia siku tatu mfululizo, hanyonyi. Mama mkwe akakaa naye mlangoni, akaanza kutaja majina ya waliotangulia, mmoja mmoja, polepole. Alipofika jina la dada ya babu, mtoto akanyamaza, akatafuta ziwa. Jina likawa hilo. Najua Wajaluo nao wanalo jina la juogi, yaani la roho ya aliyetangulia. Huyo aliyekuja alitaka kukumbukwa, angefukuzwa aende wapi?

Mzazi, Molo
Mwanangu ana kifafa. Mhubiri mmoja alituambia tuache dawa, tufunge siku saba. Tuliacha. Siku ya nne alianguka, akawa anapata degedege moja juu ya nyingine bila kuzinduka, tukamkimbiza kwa pikipiki, mimi nimemshika kichwa. Daktari alisema dawa ya kifafa haikatwi ghafla. Alipona. Bado tunaomba kila jioni, na baada ya amina anameza tembe yake. Mwenye mtoto kama wangu, tafadhali, usiikate.

Mwalimu, Nyalenda
Asante Molo, nitamwonyesha jirani yangu maneno yako leo hii. Mama Mercy, jioni nimemsomea dada majibu yote. Lako la majina ameniomba nilirudie.