Hisia huwekwa wapi katika sanamu ya mnyama, ikiwa si usoni?

Muulizaji, Lamu
Ndugu wasanii, ninatengeneza sanamu ya punda kwa waya, gunia la katani na mbao za jahazi lililochakaa, nikitaka mtazamaji auone ndani yake upweke wa mama yangu, aliyefiwa na mume mwaka huu. Nimemchorea punda machozi na kumlaza masikio, lakini kila anayemtazama hutabasamu kama aliyeona picha ya kitabu cha watoto. Naomba mawazo yenu.

Mchongaji, Mombasa
Pole kwa msiba. Futa machozi, kwa sababu yanamwamuru mtazamaji ahuzunike kabla hajaliona umbo. Punda aliyechoka hujulikana kwa shingo na miguu: kishushe kichwa chini ya usawa wa mgongo, kisha mguu mmoja wa nyuma uguse ardhi kwa ncha ya kwato tu, bila kubeba uzito.

Mwalimu wa sanaa, Dar es Salaam
Naafiki, na ninaongeza kwamba malighafi nayo husema. Mtazame mchongaji Louise Bourgeois, Mmarekani mzaliwa wa Ufaransa, ambaye mwaka 1999 alimkumbuka mama yake, fundi wa kutengeneza upya mazulia ya ukutani, kwa buibui wa chuma mwenye kimo cha zaidi ya mita 9, akamtundikia tumboni mayai ya marumaru. Buibui huyo hana uso wa kulia wala kucheka. Hata hivyo, anayesimama chini yake huhisi kulindwa na kutishwa kwa wakati mmoja, kwa kuwa miguu ni myembamba mno kwa mwili ule, na mayai meupe yananing'inia mahali ambapo mkono haufiki. Jane Alexander wa Afrika Kusini naye, katika *Butcher Boys* ya 1985–86, alitumia plasta, mifupa na pembe kuunda watu watatu wenye vichwa vya kinyama, wasio na vinywa, na ukatili wa ubaguzi wa rangi ukaonekana bila tone la damu.

Muulizaji, Lamu
Nashukuru sana. Mbao za jahazi niziweke wapi, basi?

Mchongaji, Mombasa
Mataruma, yaani zile mbao zilizopinda za ndani ya jahazi, yawe mbavu zake, nawe usiyafunike. Gunia liishie mgongoni. Yaoshe kwanza kwa maji yasiyo na chumvi, uyakaushe kivulini, kisha uyafunge kwa kamba, kwa maana gundi haishiki vizuri kwenye mbao iliyolowa chumvi.