Teki tisa za ubeti mmoja kwenye REAPER: nazipangaje bila milio ya "tak"?

Kinanda_Kimoja
Wakuu, habari za kazi. Natumia REAPER 7 (programu ya kurekodi na kuhariri sauti) kwenye Windows, maiki moja ya kondensa na intafesi ya njia mbili (kifaa kinachoingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta). Ubeti naurekodi kwa lupu, yaani sehemu ile ile inajirudia, naishia na teki tisa (marudio tisa ya kuimba) ndani ya klipu moja. Kwanza, nikibonyeza Ctrl+L ili nizione zote hakuna kinachobadilika. Pili, nikichukua neno hapa na neno pale, kwenye maungio inatoka "tak", na mahali pengine sauti inageuka kama mtu anaimba ndani ya bomba. Tatu, folda ya wimbo wa dakika 4 imefika GB 1.4. Nifute nini na nisiguse nini?

FundiMikato
Ctrl+L inafanya kazi, ila REAPER haionyeshi teki zote kama traki (ule mstari wa sauti kwenye skrini) ni nyembamba. Vuta ukingo wa chini wa traki uipanue mpaka teki tisa zipate nafasi, zitajitokeza. Ukitaka kubaki na traki nyembamba, chagua klipu ubonyeze T kwenda teki inayofuata, Shift+T kurudi nyuma.

Kabla ya kukata, sikiliza na karatasi mkononi. Mistari ya ubeti iende chini, namba za teki ziende pembeni, weka alama ya kujumlisha panapostahili. Teki moja iwe mama, ibebe sehemu kubwa ya ubeti, nyingine zizibe mashimo tu. Ukichukua kila neno kutoka teki tofauti utapata ubeti usio na pumzi ya mtu mmoja, hata kama kila neno peke yake ni safi.

Sasa "tak". Inatokea pale wimbi linapokatwa likiwa juu, halafu kipande cha pili kinaanzia kimo kingine. Kuruka huko ndiko kunakofanya spika igonge. Dawa ni krosifedi, yaani kipande cha kwanza kinafifia huku cha pili kikiingia, lakini mahali pa kukata ndipo penye kazi. Chukua mstari kama huu:

nakusubiri kituoni, mvua haijakatika

K, t na p zina ukimya mfupi kabla ya kupasuka, na ukikuza picha ya wimbi utauona kama bonde. Kata hapo, kabla tu ya k ya "kituoni", na krosifedi ya milisekunde 5 hadi 10 inatosha. Usikate katikati ya "tuo": irabu mbili zimeungana, sauti haijakatika hata kidogo. Na "mvua" ichukue nzima. M tayari inaimba noti yake kabla ya v kuingia, ukiitenganisha na v noti inapinda. Hali ni hiyo hiyo kwa mb, nd na ng: mkato uwe kabla ya ile sauti ya puani, usiwe baada yake.

Sauti ya bomba inatoka kwa krosifedi ndefu juu ya irabu. Kwa muda huo teki mbili zinasikika pamoja, mawimbi yake hayalingani, mengine yanaongezana na mengine yanafutana. Fedi ndefu, tuseme milisekunde 30 hadi 50, iache kwa pumzi na ukimya wa chumba.

Hatua zenyewe: weka kasa (ule mstari wa wima unaoonyesha ulipo) mahali pa mkato, bonyeza S, kisha bofya teki unayoitaka ndani ya kile kipande. Rudia mpaka mwisho wa ubeti.

Leni_Saba
Nakubaliana na mkuu hapo juu kuhusu konsonanti, hasa mv. Ila kama ni REAPER 7, kwa nini tuhangaike na S? Toleo hilo lilileta leni za kudumu, yaani kila teki inakaa kwenye safu yake ndani ya traki. Bofya kulia kwenye paneli ya traki, chagua "Fixed item lanes", anzisha leni ya kukusanyia (safu ya vipande ulivyochagua), kisha buruta kipanya juu ya kipande unachokitaka kwenye leni yoyote. Kinaingia chenyewe, na mpaka wake unausogeza baadaye bila kukata teki asili. Unaweza hata kuwa na mikusanyo miwili ukailinganisha, mmoja wa upole na mwingine wa nguvu.

Jambo jingine ambalo watu huliruka: lupu isianze pale sauti inapoanzia. Kwa mapigo 90 kwa dakika na hesabu ya 4/4, baa moja ni sekunde 2.67. Acha baa mbili tupu mbele ya ubeti, kama sekunde 5.3, ili pumzi ya kwanza iingie kwenye rekodi. Pumzi iliyokatwa nusu haina dawa. Kitasa cha geni (nguvu ya sauti inayoingia) nacho usikiguse kati ya teki, na umbali wako na maiki usibadilike. Ukisogea kutoka sentimita 15 hadi 30 sauti inashuka karibu desibeli 6 na chumba kinaanza kusikika. Mkato hapo utajulikana hata ukiwa umekaa sawasawa kwenye k.

Mwisho wa kurekodi, acha maiki iendelee sekunde 10 bila kuimba, na kama feni ilikuwa inazunguka iache izunguke. Hiyo ndiyo ya kuziba mashimo. Ukiyaacha matupu kabisa, msikilizaji atasikia feni inawaka na kuzimika.

Kinanda_Kimoja
Asanteni sana, Ctrl+L kweli ilikuwa unene wa traki. Kuna neno moja kwenye teki ya 6 liko vizuri ila limechelewa kidogo kuliko teki mama. Nikisogeza kipande, mkato nao unahama.

FundiMikato
Usisogeze klipu, sogeza kilichomo ndani. Shikilia Alt uburute ndani ya kipande: kingo zinabaki, wimbi linateleza. Lakini angalia kwanza: kama teki zote tisa zimechelewa kwa kiasi kile kile, kosa si la mwimbaji. Ni ucheleweshaji wa intafesi, na unarekebishwa kwenye mipangilio ya kurekodi, mara moja tu.

Kama unarekebisha noti kwa programu, fanya hivyo baada ya kukusanya.

Rafu_ya_Faili
Niguse GB 1.4. Kwa biti 24 na kHz 48, mono (njia moja ya sauti) inakula MB 8.64 kwa dakika, stereo (njia mbili) MB 17.28. Kwa hiyo folda yako ina dakika kama 162 za mono, au 81 za stereo. Angalia ingizo la traki. Kama umechagua stereo kwa maiki moja, sauti inakaa upande mmoja tu na nusu ya kila faili ni ukimya.

Kubakisha teki iliyochaguliwa peke yake ndani ya klipu hakupunguzi chochote kwenye diski, faili linabaki pale pale. Kinachofuta ni "Clean current project directory" kwenye menyu ya File. Na hapo ndipo watu hulia: inatazama mradi uliofunguliwa tu. Kama ndani ya folda ile ile umehifadhi wimbo-v1.rpp na wimbo-v2.rpp (rpp ni faili la mradi wa REAPER), ukasafisha ukiwa ndani ya v2, teki zinazotumiwa na v1 peke yake zitaonekana kama takataka. Chagua ziende kwenye pipa la takataka badala ya kufutwa moja kwa moja, kisha ufungue v1 uone kama inalalamika faili limepotea, ndipo umwage pipa.